Kinyozi Anapojinyoa: Kwa Nini Mtu Ajipige Picha Akiwa Mtu Mwingine?

Msimu uliopita wa salfa, ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho, simu yangu iliita mara nne kabla ya saa moja asubuhi. Waliopiga wote ni ndugu, na wote walikuwa na jambo lilelile: binti wa dada yangu, anayesoma chuo hapa Mtwara mjini, ameweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nikaifungua. Amevaa koti kuukuu la marehemu babu yake, lile la shambani, kichwani amefunga kitambaa kama wanavyofunga wabeba mabomba ya kupulizia mikorosho, na uso mzima umejaa unga wa njano mpaka kwenye kope. Anatazama kamera, hacheki. Chini ya picha hakuandika neno.

Mama yake mdogo alidhani mtoto ameugua. Mwingine akauliza kama haya si mambo ya mizimu. Kijana mmoja wa Tandahimba aliweka vikatuni vitano vya kucheka. Kaka yangu wa Newala, mtu asiyepoteza maneno, akaandika: "Mjomba wake wa Mtwara yupo. Amuulize." Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo ukishatajwa mjomba ujue kesi ni yako.

Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ile picha ni ya nani?"

"Yangu, mjomba. Nimejipiga mwenyewe."

"Hilo nimeliona. Nauliza, yule aliyemo pichani ni nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ni mimi. Na ni babu. Sasa sijui nikuelezeje."

Makala haya ni jaribio langu la kueleza kile alichoshindwa kukieleza siku ile. Yeye si peke yake. Tangu hapo nimekuwa nikikutana na picha za namna hiyo kwenye stetasi za vijana wa Lindi na Mtwara: mmoja kajishonea gauni la magunia ya korosho, mwingine kajigawa uso, nusu kijana, nusu mzee mwenye mvi za majivu. Na maswali ya watu ni yaleyale. Anaumwa? Anajidai? Anatafuta umaarufu?

Uso mmoja, picha tatu

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi huu ni wa maneno. Kuna picha za aina tatu ambazo watu huzitia kapu moja kwa kuwa zote zina uso wa mwenye picha.

Ya kwanza ni picha ya kitambulisho. Unaingia studio, unakalishwa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, unaambiwa vua kofia, inua kidevu, usicheke. Picha hii si yako kwa kweli, ni ya afisa asiyekujua. Kazi yake ni kumwezesha aseme "ndiye". Ndiyo maana inakutaka usiwe na furaha wala huzuni, usiwe wa harusini wala wa msibani. Inataka sura tu.

Ya pili ni selfi. Neno lenyewe ni la juzi. Watunga kamusi wa Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka 2013. Selfi ni salamu. Nipo Msimbati, upepo mkali. Nimependeza Idi. Tupo Nangwanda, mpira umeanza. Unanyoosha mkono, unapiga, unatuma, na kesho yake hata wewe mwenyewe huikumbuki. Sina ubaya nayo, salamu ni jambo jema.

Ya tatu ndiyo iliyonipigisha simu nne. Mimi naiita picha-nafsi. Ni picha ambayo mpigaji na mpigwaji ni mtu mmoja, na mtu huyo ameitunga kwa makusudi jinsi mshairi anavyotunga beti. Amechagua nguo, mwanga, mahali, pozi, na amechagua pia cha kuficha. Picha ya kitambulisho inajibu swali la afisa. Picha-nafsi ni swali ambalo mtu anajiuliza mwenyewe, mimi ni nani, nimetoka kwa nani, ningekuwa nani kama mambo yangekwenda vingine.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kina maneno mawili yanayojitenga vizuri. Kuna utambulisho, yaani kile ambacho wengine wanakujua nacho: jina, kabila, kazi, sura. Na kuna nafsi, yaani yule anayekaa ndani akiangalia yote hayo na wakati mwingine akishangaa kwamba ndiyo yake. Picha ya namna hii inapigwa kwenye ufa ulio kati ya hayo mawili.

Ndoo na ufagio

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Ugumu wa kazi hii uko hapohapo: macho yako yanatakiwa nyuma ya kamera na uso wako unatakiwa mbele yake, kwa wakati uleule.

Nilimwomba mpwa wangu anionyeshe alivyofanya. Chumba chake ni cha kupanga, kina dirisha moja linalotazama mashariki. Aliegemeza simu kwenye kopo la maziwa juu ya matofali mawili, ikimwelekea kwa kamera ya mbele ili ajione. Alipotaka kukaa yeye, kwanza aliweka ndoo iliyogeuzwa na kusimamisha ufagio juu yake, kitambaa cha babu kikining'inia kwenye ncha ya ufagio. Ufagio ulikuwa yeye. Akarudi kwenye simu, akapanga mwanga umwangukie ufagio upande mmoja, akaweka taima ya sekunde 10, akabonyeza, akakimbia, akautupa ufagio, akakaa, akashusha pumzi, akatulia. Kwa siku ile alipiga 41 akabakiza moja.

Unga wa njano haukuwa salfa, maana salfa inaunguza macho na yeye anajua, amekulia kwenye mikorosho. Ulikuwa unga wa muhogo na bizari kidogo.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu wanaosema "kabonyeza simu tu" hawajawahi kukimbizana na sekunde 10. Huhitaji kamera ya mamilioni. Unahitaji dirisha, kitu cha kushikilia simu, na subira ya mvuvi wa mshipi. Jua la saa sita la pwani yetu ni adui: linachimba mashimo meusi chini ya nyusi na kila mtu anafanana na aliyekesha. Asubuhi na alasiri, pembeni mwa dirisha, ndipo uso unapokuwa na umbo.

Na mbio hizi ni za zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1839, mwaka ambao ufundi wa picha ulitangazwa duniani, kijana mmoja wa Philadelphia, Marekani, aitwaye Robert Cornelius, aliweka kamera nyuma ya duka la taa la familia yake, akafungua lenzi, akaenda kukaa mbele yake. Nyakati hizo hapakuwa na sekunde 10. Ilibidi ukae bila kutikisika kwa muda mrefu ili mwanga uandike uso kwenye bamba la fedha. Picha ipo mpaka leo. Amekaa pembeni kidogo, si katikati, nywele timutimu, mikono kifuani, ana mashaka ya mtu asiyejua kama kitatoka kitu. Ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za uso wa binadamu, na aliyeipiga ndiye aliyemo.

Maiti iliyojipiga picha

Hapa ndipo ninapokutana na ile hoja ya barazani: "picha haidanganyi, kwa hiyo anayejibadilisha pichani anadanganya."

Msikilizeni Hippolyte Bayard. Huyu alikuwa Mfaransa aliyebuni njia yake ya kupata picha kwenye karatasi, lakini sifa na fedha za serikali zikaenda kwa mwenzake, Daguerre. Mwaka 1840 Bayard alijipiga picha akiwa amefumba macho, kifua wazi, kalegea kama aliyeopolewa majini, na nyuma ya picha akaandika kwamba huyu ni maiti ya Bayard, amejizamisha kwa kukosa haki yake. Uso na mikono vilitoka vyeusi kuliko kifua, kwa sababu mtu yule alikuwa ameungua jua. Yeye akaandika kwamba hiyo ni dalili ya maiti kuanza kuoza. Aliishi miaka zaidi ya arobaini baada ya "kufa" huko.

Kwa hiyo ufundi haujamaliza hata miaka miwili, tayari mtu amekwisha kuwa mtu mwingine mbele ya kamera. Je, Bayard alidanganya? Hakuwa amekufa, hilo ni kweli. Lakini kwamba alihisi ameuawa, picha ile inasema kweli tupu. Mshairi akisema moyo wangu umekuwa jiwe hatumpeleki hospitali.

Na hata picha ambayo hukuitunga inakubadilisha. Vijana wengi wananung'unika kwamba simu zinawaongezea pua. Si uchawi wala si simu mbovu. Ukishika simu karibu na uso, pua iko karibu zaidi na lenzi kuliko masikio, na kilicho karibu huonekana kikubwa, kama mkono unaouleta karibu na jicho unavyoziba mnazi mzima. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walipiga hesabu wakaona kuwa pua ikipigwa kwa umbali wa sentimita 30 inaonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa mita moja na nusu. Kabla hujamlaumu mama kwa pua aliyokupa, sogea nyuma.

Kuna la kioo pia, na hili nitalirudia. Kamera ya mbele hukuonyesha kama kioo: kulia kwako kuko kulia kwa simu. Watu wengine hawakuoni hivyo. Wanakuona kinyume, kwa sababu wamesimama mbele yako. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo. Wenye picha walielekea kupenda ile ya kioo. Marafiki zao walielekea kupenda ile ya kawaida. Kila mmoja alipenda uso aliouzoea. Kumbe hata bila koti la babu, uso unaoujua wewe na uso wanaoujua wenzako si uso uleule kabisa.

Kugeuka ni ugeni kwetu?

Linanichekesha kidogo kwamba swali la "kwa nini ageuke mtu mwingine" linaulizwa Newala, mahali ambapo watu wamekuwa wakigeuka tangu enzi.

Nani hapa hajui vinyago vya ngoma? Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma huyaita mapiko, huku upande wetu ni midimu. Mtu anavaa uso wa mti mwepesi, mwingine unafunika kichwa kizima hata mchezaji anaona kwa kupitia tundu la mdomo, mwili umezibwa kwa nguo asionekane hata kidole. Anapoingia uwanjani, hakuna anayesema "yule ni fulani". Watoto na wanawake waliambiwa ni mzimu umekuja, na waliojua walinyamaza. Kinyago kinaweza kuwa mzee mwenye ndevu, mwanamke, mgeni, mtawala. Aliyevaa ni kijana wa kijiji hichohicho ambaye asubuhi alikuwa akipalilia muhogo.

Au chukua jando na unyago. Mtoto anaingia na jina moja anatoka na jina lingine, amevaa nguo mpya, na ole wako umwite jina la utotoni mbele za watu. Hatukusema amejikana. Tulisema amekua. Mwili ni uleule, utambulisho umebadilishwa hadharani, na kijiji kizima kimeshuhudia.

Basi anachofanya binti na simu yake juu ya kopo la maziwa kina jamaa zake hapa nyumbani. Lakini sitaki kurahisisha mno, maana kuna tofauti moja kubwa na ndiyo, nadhani, iliyowashtua ndugu zangu bila wao kuijua. Kinyago kina uwanja. Kina ngoma, kina wazee wanaojua kinaanza lini na kinavuliwa lini. Mwari ana kungwi. Mpwa wangu alikuwa peke yake chumbani na ufagio. Aligeuka bila mtu wa kumpokea upande wa pili, halafu akatuletea matokeo saa kumi na mbili asubuhi kwenye kundi ambalo kawaida linatangaza michango ya harusi. Ningekuwa mimi, ningeandika angalau mstari mmoja chini yake. Yeye anasema mstari ungeharibu. Tumekubaliana kutokukubaliana.

Kijana wa Bangui na vipande vya mwisho vya mkanda

Kama kuna mtu mmoja wa kumjua katika habari hii, kwangu ni Samuel Fosso.

Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa bibi yake, vita vya Biafra vikamkuta huko. Baada ya vita alichukuliwa na mjomba wake (mnaona wajomba walivyo na kazi) hadi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Mchana alipiga wateja: pasipoti, harusi, ubatizo. Enzi za mkanda, mkanda ukibaki na picha chache huwezi kuusafisha nusu, na mteja anataka picha zake kesho. Basi jioni, baada ya kufunga, Fosso alimalizia vipande vilivyobaki kwa kujipiga mwenyewe. Suruali za bugaluu, miwani mikubwa, viatu vya visigino virefu, nguo ambazo mtaani zingemletea maneno. Alimtumia bibi yake Nigeria ajue mjukuu yupo, anakua. Zilizobaki aliziweka.

Ziliwekwa miaka mingi. Mwaka 1994 zilionyeshwa Bamako, Mali, kwenye maonyesho makubwa ya picha za Afrika, na dunia ikamjua. Hakuishia kwenye suruali za bugaluu. Mwaka 2008 alitoa mfululizo wa picha 14 akiwa watu walioipigania heshima ya mtu mweusi: ni Nkrumah, ni Lumumba, ni Haile Selassie, ni Malcolm X, ni Muhammad Ali aliyechomwa mishale mwilini. Na ni Angela Davis pia, na zile nywele. Sura yake haifanani na ya hata mmoja wao. Ukizitazama unajua ni Fosso na unajua ni Lumumba, macho yanakwenda na kurudi kama mtu anayevuka kivuko cha Kitunda. Hakuna anayedanganywa. Ni kama mtu anapoitwa kwa jina la babu yake: jina limebeba watu wawili na hakuna anayechanganyikiwa.

Wengine wanaitumia kamera ileile kwa kazi nyingine. Zanele Muholi wa Afrika Kusini ana mfululizo ambao jina lake la Kizulu, Somnyama Ngonyama, ni salamu kwa simba jike mweusi. Anajipiga akiwa amevaa vitu vya nyumbani, na ukitazama kwa haraka unaona malkia mwenye taji. Ukisogea, taji ni vibanio vya kuanikia nguo. Mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya Wazungu kwa zaidi ya miaka arobaini. Halafu weusi wa ngozi anauongeza kwa makusudi wakati wa kutengeneza picha, usipungue hata chembe. Nikifikiria filta tunazotumia hapa kujichubua kwa kidole, natamani kila saluni ya Mtwara ibandike picha moja ya Muholi ukutani.

Cindy Sherman wa Marekani, aliyeanza mwaka 1977 kujipiga akiwa wanawake wa namna za sinema, sekretari, mkimbizi wa mapenzi, msichana aliyefika mjini na sanduku, yeye anasema waziwazi kwamba hizo si picha zake. Mwili ni wake, mtu si yeye. Kwa hiyo hata mafundi wenyewe hawajakubaliana.

Tai ya kuazima

Nilipofika hapo nikakumbuka kitu ambacho kimening'inia kwenye ukuta wa mama yangu Newala tangu sijazaliwa.

Ni picha ya baba, babu wa huyu binti. Ndiyo picha pekee nzuri tuliyo nayo. Amevaa koti jeusi na tai, kashika kalamu, nyuma yake pazia limechorwa ngazi za jumba na chungu cha maua. Baba hakuwahi kumiliki tai. Koti na tai vilikuwa vya studio, vya kuazima, wateja walivipokezana siku nzima. Kalamu sijui ilikuwa ya nani. Yeye alisoma madarasa mawili. Studio za namna hiyo zilikuwa Afrika nzima. Bamako, Seydou Keïta aliweka saa, redio, suti, hata pikipiki ya Vespa kwa ajili ya mteja anayetaka kuonekana navyo.

Mama yangu hajawahi kuuliza kama picha ile ni mizimu. Wageni wanaiangalia wanasema, "Mzee alikuwa mtanashati." Karani ambaye hakuwahi kuwako ametundikwa sebuleni miaka hamsini na tumemzoea. Yule mwenye unga wa njano usoni, aliyetusomesha wote kwa bomba la mgongoni kila ifikapo mwezi wa sita, hana picha hata moja. Au hakuwa nayo mpaka asubuhi ile ya simu nne.

Ndonya

Mpwa wangu alikuwa na mpango wa picha ya pili. Alitaka ajipige akiwa na ndonya, kile kipande cha mti walichovaa bibi zetu kwenye mdomo wa juu. Mama yake bibi yake alikuwa nayo. Alishachonga ya mfano, nyepesi, ya kubandika.

Hapa nilimwambia twende Newala kwanza.

Sababu yangu ilikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 1906, Majimaji ikiwa bado haijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita nchi hii, Masasi na Newala, akiwa na kamera. Alipiga watu wengi, wakiwamo wanawake wenye ndonya na wenye chale usoni. Picha zile ni hazina, sitaki kuzibeza. Lakini mle ndani hakuna aliyechagua pozi lake, mwanga wake, wala atakayemwona. Hizo ni picha za utambulisho zilizopigwa na mtu aliyetaka kuwaambia Wajerumani wenzake "ndio hawa". Mpwa wangu alisema ndiyo maana anataka kuirudia ile picha akiwa yeye ndiye anayeshika kamera. Hoja ilikuwa nzuri kuliko yangu, nakiri. Ila mwenye ndonya alikuwa na binti yake, na binti huyo yuko hai, anaota jua barazani Newala.

Mama aliigeuza ile ndonya ya mfano mkononi, akaipima uzito, akamrudishia.

"Nyepesi."

"Ndiyo bibi, nimeifanya ya kubandika tu."

"Mama alitobolewa mdogo kuliko wewe. Kila ikikubali wanaweka kubwa zaidi. Pozi mmeliona, kidonda hamkukiona."

Hakusema usifanye. Hakusema fanya. Binti aliiweka ndonya kwenye mkoba, na mpaka leo hajapiga picha ile. Ameniambia bado anatafuta namna ya kidonda kuonekana.

Wanaoona haya yote ni kujisikia, nawaomba wakae na hilo kidogo. Anayejipenda sana hujipiga alivyo mzuri, na anajua mapema atakavyotoka. Huyu amerudi mara tatu kwenye picha ambayo hajui itatokaje, na huenda ikamtoa vibaya. Habari ya kama dini inaruhusu picha nawaachia masheikh na mapadri, ambao wenyewe wanazo kwenye simu zao.

Kabla hatujaondoka, mama aliomba aione ile ya kwanza, ya unga wa njano, ambayo alikuwa ameisikia tu kwa watu. Simu yake ni ya vitufe, haina kundi. Binti akampa yake. Mama aliisogeza karibu, akaitoa mbali, akaifuta kioo kwa ncha ya khanga. Alikaa nayo muda mrefu. Mimi nilijiandaa kwa kilio.

"Koti limekaa," alisema. "Lakini baba yenu fundo la kitambaa alikuwa anafunga kushoto. Kila siku kushoto. Huyu kafunga kulia. Na kiraka cha mfukoni kimehama."

Tukatazamana. Koti tunalo, lilikuwa hapohapo kwenye kiti. Kiraka kiko mfuko wa kushoto. Binti akaishika simu, akaangalia picha, akacheka akiwa ameziba mdomo. Simu ilikuwa imehifadhi kama kioo. Yeye alifunga kushoto, maana alikuwa anakumbuka. Picha ndiyo iliyogeuza. Ukoo mzima tulikuwa tumeitazama wiki nzima, tumeijadili, tumeitetea na kuilaani, na hakuna aliyeona isipokuwa aliyekuwa akilifungua lile fundo jioni.

"Rudia," mama alimwambia, akamrudishia simu. "Na unga uzidi hapa, chini ya jicho. Alikuwa anajifuta kwa kiganja, panabaki mstari."